Baada ya Kengele ya Mwisho: Masomo ya Jioni na Mtoto Mkimbizi Anayejifunza Kiingereza Marekani

Kabla ya serikali ya Marekani kusitisha mpango wake wa kupokea wakimbizi Januari 2025, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilikuwa mstari wa mbele miongoni mwa nchi wanakotoka watu hao. Katika mwaka wa fedha wa 2016 Wakongo waliopokelewa walizidi 16,000, na hakuna taifa jingine lililowafikia. Mwaka wa fedha wa 2024, Marekani ilipopokea wakimbizi wapatao 100,000, karibu 20,000 walikuwa Wakongo. Wengi wao walipitia kambi na makazi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kakuma, Nakivale au Kyangwali, na wengi wanazungumza Kiswahili. Ndiyo maana leo Kiswahili kinasikika kwenye korido za shule za Louisville na Lexington huko Kentucky, Des Moines huko Iowa na Houston huko Texas.

Kwa watoto hao, Kiingereza ndicho mlango wa kila kitu: hisabati, sayansi, mtihani wa leseni ya udereva, barua ya hospitali wanayotakiwa kuwasomea mama zao. Shule ina wajibu wa kisheria wa kuwafundisha lugha hiyo. Lakini sehemu kubwa ya juhudi zinazoonekana machoni pa wazazi hufanyika baada ya kengele ya mwisho: kwenye maktaba, ukumbi wa kanisa, kituo cha jamii, au darasa lilelile la mchana lililoachwa wazi kwa ajili ya masomo ya ziada. Swali la uchambuzi huu ni hili: saa hizo za jioni zinaweza kufanya nini, haziwezi kufanya nini, na ziendeshweje ili mtoto atoke na Kiingereza cha kumvusha?

Jibu langu nalitanguliza. Masomo ya jioni hayawezi kuibeba kazi ambayo shule ya mchana imeshindwa. Yana nguvu pale yanapompa mtoto kile ambacho darasa la watu 25 halina nafasi ya kumpa: muda wa kuzungumza, mtu mzima anayemfahamu, na ruhusa ya kufikiri kwa lugha anayoijua.

Haki ipo, muda haupo

Msingi wa haki hii uliwekwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1974, katika kesi ya Lau v. Nichols. Wanafunzi wenye asili ya Kichina mjini San Francisco walikuwa wakikaa darasani bila kuelewa linalofundishwa, na uongozi wa shule ukijitetea kwamba umewapa vitabu na walimu sawa na wengine. Mahakama ilikataa utetezi huo: kumpa mtoto kitabu asichoweza kukisoma si kumtendea sawa na mwenzake. Mwaka 1981, kesi ya Castañeda v. Pickard iliweka vigezo vitatu ambavyo bado vinatumika: mpango wa kufundisha lugha uwe na msingi wa kitaalamu, utekelezwe kwa rasilimali za kutosha, na uonyeshe matokeo. Mwaka 1982, katika kesi ya Plyler v. Doe, Mahakama ya Juu iliamua kwamba hata mtoto asiye na hati za kuishi nchini ana haki ya kusoma shule ya umma bila malipo.

Leo wanafunzi wanaojifunza Kiingereza katika shule za umma za Marekani ni zaidi ya milioni 5, takriban mmoja katika kila 10. Mtoto akifika hupimwa uwezo wake wa kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika, kisha hupangiwa darasa kwa kufuata umri wake. Hapo ndipo ugumu unapoanza. Kijana wa miaka 15 aliyeishia darasa la nne kambini anaweza kujikuta kidato cha kwanza, akihudhuria kipindi kimoja au viwili vya Kiingereza kwa wageni, kisha historia, biolojia na aljebra kwa Kiingereza kilekile wanachotumia waliozaliwa nacho.

Utafiti wa Kenji Hakuta na wenzake wa mwaka 2000 ulionyesha kwamba Kiingereza cha mazungumzo humchukua mtoto miaka 3 hadi 5 kukimudu, na Kiingereza cha masomo miaka 4 hadi 7. Kabla yao, Jim Cummins wa Kanada alikuwa ameshatahadharisha tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 kwamba vitu hivi viwili visichanganywe: mtoto anayecheka na wenzake uwanjani kwa Kiingereza safi anaweza kuwa hajui kabisa kusoma ukurasa wa kitabu cha jiografia. Sasa piga hesabu. Aliyefika na miaka 15 ana miaka minne ya sekondari, na lugha ya masomo peke yake inaweza kumtaka miaka saba. Hesabu haikubali mpaka muda mwingine upatikane mahali fulani, na mahali pa karibu zaidi ni jioni.

Darasa moja, safari tofauti

Kosa la kwanza la programu nyingi ni kudhani kwamba watoto wanaozungumza Kiswahili wametoka shule za aina moja. Katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, iliyofunguliwa mwaka 1996, watoto wa Kikongo husoma mtaala wa nchi yao, na kadiri wanavyopanda madarasa ndivyo Kifaransa kinavyozidi kutawala. Kakuma hufuata mtaala wa Kenya, na makazi ya Uganda kama Kyangwali na Nakivale hufuata mtaala wa Uganda, kote huko Kiingereza kikiwa lugha ya kufundishia. Kwa hiyo watoto wawili wa ukoo mmoja kutoka Kivu Kusini, mmoja akiwa amepitia Kigoma na mwingine Kakuma, wanaweza kukaa dawati moja huko Kentucky, huyu akiwa na miaka minane ya Kiingereza cha darasani na yule akiwa hajawahi kufundishwa kwa lugha hiyo hata somo moja.

Tofauti hiyo inaingia hata kwenye hesabu, somo ambalo watu hudhani halina lugha. Tazama daftari la mtoto aliyesoma kwa mtindo wa Kongo. Anapogawanya 936 kwa 4, huandika 936, akachora mstari wa wima, akaweka 4 upande wa kulia, na jibu likaandikwa chini ya ile 4. Mwalimu wa Marekani anatarajia 4 iwe kushoto na jibu liwe juu. Tatu na nusu kwa mtoto huyu ni 3,5, ilhali kwa mwalimu wake ni 3.5, na alama hiyo ya mkato Marekani hutenganisha maelfu. Mwalimu mwenye haraka huona ukurasa uliovurugika, akaandika kwamba mtoto hajui kugawanya. Aliyekaa naye jioni kwa nusu saa ataona kwamba anajua, tena vizuri, na kwamba anachohitaji ni kuonyeshwa namna wanavyoandika huku. Ugunduzi wa aina hii unahitaji mtu na muda, si mashine wala bajeti kubwa.

Kuna pia watoto ambao hawajasoma kwa mfululizo mahali popote. Vita, foleni za usajili, ugonjwa na kazi za nyumbani vimewakatia shule mara kadhaa. Hawa wanajifunza mambo mawili kwa mpigo: kusoma kwenyewe, na Kiingereza. Ukiwaweka kwenye meza moja na aliyemaliza kidato cha pili, ukawagawia karatasi ileile ya mazoezi, umewapoteza wote wawili.

Kutoka Hull House hadi Clarkston

Kuwafundisha wahamiaji na watoto wao nje ya saa za shule si jambo jipya Marekani. Mwaka 1889 Jane Addams na Ellen Gates Starr walifungua Hull House mjini Chicago, katikati ya mitaa ya wahamiaji kutoka Ulaya, nyumba iliyokuja kuwa na madarasa ya Kiingereza, vilabu vya watoto, maktaba na michezo. Mfano huo ulienea katika miji mingine, na vituo vya jamii vya leo ni wajukuu wake.

Serikali kuu iliingia rasmi katika eneo hili miaka ya 1990 kwa mfuko unaojulikana kama 21st Century Community Learning Centers, ulioanzishwa kwa sheria ya 1994. Siku hizi mfuko huo hutengewa takriban dola bilioni 1.3 kwa mwaka kwa masomo na shughuli za nje ya saa za shule, kwa watoto wa aina zote, hasa wa familia maskini. Mfuko wa pili, wa sehemu ya tatu ya sheria ya elimu, huwahusu wanafunzi wanaojifunza Kiingereza moja kwa moja na umekuwa na takriban dola milioni 890. Ukizigawa kwa watoto milioni 5 na ushei, kila mmoja anapata chini ya dola 200 kwa mwaka mzima. Fungu dogo zaidi, kupitia ofisi ya serikali inayowahudumia wakimbizi, husaidia watoto wakimbizi mashuleni. Pengo linalobaki huzibwa na misaada ya wahisani, makanisa, misikiti na watu wanaojitolea.

Mfano mmoja unastahili kutazamwa kwa makini kwa sababu safari yake inafundisha. Clarkston ni mji mdogo nje ya Atlanta, Georgia, uliopokea wakimbizi wa mataifa mengi. Mwaka 2004 Luma Mufleh, mwanamke mzaliwa wa Jordan, alianzisha hapo timu ya soka ya wavulana wakimbizi, wakiwamo waliotoka Burundi na Kongo. Timu iliitwa Fugees. Kucheza kulikuwa na masharti: mchezaji atie saini mkataba wa nidhamu na ahudhurie masomo ya ziada. Mpira ulikuwa chambo, shabaha ikiwa kitabu.

Lakini masomo yale ya ziada yalimwonyesha kocha jambo zito. Baadhi ya wachezaji wake walikuwa wakipandishwa darasa mwaka hadi mwaka hali hawawezi kusoma. Hapakuwa na jioni ndefu ya kutosha kuziba shimo lililokuwa likichimbwa kila siku mchana. Kwa hiyo kazi yake ikageuka ikawa shule kamili, Fugees Academy, inayomwanzisha mwanafunzi pale uwezo wake ulipo badala ya pale umri wake unapomtupa. Mwaka 2018 ilifunguliwa shule nyingine Columbus, Ohio, na baadaye mtindo huo ukapelekwa kwenye shule za umma za Bowling Green, Kentucky. Masomo ya jioni yalikuwa kipimo kilichogundua ugonjwa, na tiba ikabidi itafutwe mchana.

Ushahidi unasemaje

Mwaka 2003 taasisi ya utafiti ya Mathematica ilitoa ripoti ya kwanza kuhusu vituo vilivyofadhiliwa na ule mfuko wa serikali kuu. Matokeo yalikuwa baridi. Alama za watoto kwa ujumla hazikupanda kwa namna ya maana, na wengi walihudhuria siku chache tu. Serikali ya Rais George W. Bush ilitumia ripoti hiyo kupendekeza mfuko upunguzwe kutoka dola bilioni 1 hadi milioni 600. Wakosoaji walijibu kwamba vituo vingi vilikuwa vichanga, na kwamba watafiti walikuwa wamechanganya vilivyopangwa vizuri na vile vya kuwalinda watoto tu mpaka wazazi warudi.

Pande zote mbili zilikuwa na hoja, na tafiti za baadaye zimetusaidia kuona tofauti iko wapi. Mwaka 2020 Andre Nickow, Philip Oreopoulos na Vincent Quan walichambua kwa pamoja majaribio 96 ya kufundisha mwanafunzi mmoja mmoja au kikundi kidogo. Walikuta kwamba ufundishaji wa namna hiyo una faida kubwa kuliko hatua nyingi nyingine za elimu. Walikuta pia kwamba walimu na wasaidizi wa walimu waliopata mafunzo hufanikiwa kuliko watu wa kujitolea, na kwamba masomo hayo yakifanyika ndani ya siku ya shule huleta matokeo makubwa kuliko yakifanyika baada yake. Jambo la mwisho halishangazi: mchana mtoto yupo tayari, jioni lazima aje, na kuja kuna gharama.

Kuhusu lugha yenyewe, jopo la wataalamu lililoongozwa na Diane August na Timothy Shanahan lilitoa ripoti yake mwaka 2006. Lilionyesha kwamba watoto wanaojifunza Kiingereza wanaweza kufundishwa kutambua na kutamka maneno yaliyoandikwa karibu sawa na wenzao, ila wanabaki nyuma katika kuelewa habari nzima. Upungufu ulikuwa kwenye Kiingereza cha mdomo na msamiati. Jopo hilo likasema pia kwamba kujua kusoma kwa lugha ya nyumbani humsaidia mtoto kusoma Kiingereza.

Yaweke matokeo hayo pamoja, na njia inaonekana. Jioni isiyo na mpango haisaidii alama. Jioni yenye mtu aliyefunzwa, kikundi kidogo, mahudhurio ya mara kwa mara na mazungumzo mengi inaweza kusaidia sana.

Karatasi iliyojaa, mdomo uliofungwa

Tuchukue somo la mzunguko wa maji. Mtoto anafika jioni na karatasi yenye mchoro na nafasi nane za kujaza. Mwanachuo wa kujitolea, mwenye nia njema na watoto wengine wanne mezani, anamtajia herufi ya kwanza ya kila neno. Baada ya robo saa karatasi imejaa. Mwalimu wa mchana ataweka alama ya pata. Mtoto hajatamka sentensi hata moja.

Kuna namna nyingine. Karatasi inawekwa pembeni. Mtoto anaulizwa mvua ya masika ilikuwaje kambini Kigoma: ilianza lini, wingu lilitoka upande gani, maji yalikwenda wapi baada ya kunyesha. Anamweleza mwenzake kwa Kiswahili, wanabishana kidogo, wanakubaliana. Kisha wanasema tena kwa Kiingereza walicho nacho, mwalimu akiwaongezea maneno wanayokwama. Mwisho wanaandika, na karatasi inajazwa kwa dakika tano kwa sababu kila neno lina kitu cha kushikilia. Inachukua dakika 40 badala ya 15. Hilo ndilo somo la Kiingereza. Lile la kwanza lilikuwa kumaliza karatasi tu.

Kwa sababu hiyo napinga kanuni inayowekwa na baadhi ya vituo, kwa nia nzuri, kwamba mtoto akivuka mlango asiongee lugha ya kwao. Mtoto aliyekatazwa Kiswahili hapati Kiingereza haraka zaidi. Ananyamaza. Anayefikiri kwa Kiswahili kuhusu sayansi anajifunza sayansi, na akishaielewa, Kiingereza chake kina jambo la kusema. Aliyejifunza kusoma kwa Kiswahili ameshajua kwamba herufi hubeba sauti na sauti hubeba maana, na msingi huo hauhitaji kumwagwa upya.

Jambo la pili ni uhusiano na darasa la mchana. Kituo kisichojua mwalimu anafundisha nini wiki hii kinabahatisha. Barua pepe moja ya Jumatatu kati ya mwalimu wa shule na mratibu wa kituo, ikitaja mada na maneno kumi ya msingi, ina thamani kuliko rafu ya vitabu vya msaada.

La tatu ni basi na chakula. Shule nyingi za sekondari humaliza vipindi kati ya saa nane na saa tisa na nusu mchana. Mzazi anayefanya zamu ya pili katika kiwanda cha nyama au ghala huondoka alasiri na kurudi karibu na usiku wa manane, kwa hiyo gari la nyumbani, kama lipo, halipo. Kituo kisicho na basi la kuwarudisha watoto kimewafungia nje wale hasa wanaokihitaji. Na mara nyingi anayefungiwa ni binti mkubwa, kwa kuwa ndiye anayepokea wadogo zake na kuinjika chakula. Vituo vinavyomkubali aje na wadogo zake vinamrudisha kwenye kitabu. Visivyomkubali humwona kwenye orodha ya watoro na kudhani hataki shule.

La nne lina utata wa kweli. Masomo ya ziada huwakusanya wakimbizi pamoja, na kwa siku nyingi wanaweza kukosa kuonana na vijana wazaliwa wa Marekani nje ya darasa. Wapo walimu wanaoona afadhali mtoto ajiunge na timu ya riadha au bendi ya shule, ambako atalazimika kutumia Kiingereza. Wana sababu. Lakini kijana mwenye lugha changa anahitaji kwanza mahali asipochekwa anapokosea. Suluhisho ni ratiba yenye siku za masomo na siku za michezo au sanaa pamoja na wengine, na Fugees walionyesha kwamba viwili hivyo vinaweza kutiana nguvu.

Mwaka 2025 na mifuko iliyotikiswa

Haya yote yanasimama juu ya uamuzi wa watu wengine. Machi 2025 Rais Donald Trump alitia saini amri ya kukifanya Kiingereza lugha rasmi ya Marekani. Mwezi huohuo Wizara ya Elimu ilipunguza karibu wafanyakazi wote wa ofisi iliyosimamia masomo ya wanafunzi wanaojifunza Kiingereza. Mwanzoni mwa Julai serikali ilizuia takriban dola bilioni 6.8 za elimu zilizokuwa zimeidhinishwa na Bunge, na ndani yake ilikuwamo mifuko yote miwili niliyoitaja: wa vituo vya baada ya shule na wa Kiingereza. Baada ya kesi za majimbo na malalamiko ya wabunge, wakiwamo wa chama tawala, fedha zilitangazwa kuachiliwa kabla mwezi haujaisha. Kwa mratibu wa kituo, wiki hizo zilikuwa wakati wa kuajiri na kukodi mabasi kwa ajili ya Agosti.

Kupungua kwa wakimbizi wapya, ambao kikomo chao kwa mwaka wa fedha wa 2026 kiliwekwa kuwa 7,500, hakumaanishi kwamba kazi imekwisha. Waliofika 2023 na 2024 sasa wamo katikati ya ile miaka saba. Kuwakatia msaada leo ni kumtosa mtu katikati ya mto kwa hoja kwamba foleni ya ng'ambo imepungua.

Wajibu uliobaki kwetu

Serikali iwajibike kwa shule, na haki ya Lau isimamiwe mchana, darasani. Hilo haliondoi wajibu wa jamii ya wazungumzaji wa Kiswahili walioko huko. Mwaka 2005 vijana wakimbizi katika makazi ya Kyangwali, Uganda, walianzisha shirika lao, COBURWAS, wakafungua shule kwa ajili ya wadogo zao bila kusubiri waje wafadhili wa kuwaanzishia. Walikuwa na mali kidogo kuliko Mkongo, Mrundi, Mkenya au Mtanzania yeyote mwenye kazi ya kudumu Louisville au Houston.

Uuguzi, udereva wa malori na uhasibu vimewapa wengi wetu riziki huko, na wapo miongoni mwetu walimu waliowahi kushika chaki Bukavu, Kigoma na Nairobi. Mtu aliyefundisha hesabu kwa mtindo wa Kongo atalielewa daftari la yule mtoto kwa kulitupia jicho. Kituo kinachomwajiri mtu kama huyo, hata kwa saa sita kwa wiki, kinapata kitu ambacho hakuna mafunzo ya wikiendi yanayoweza kumpa mwanachuo.

Na mzazi, hata asiyejua Kiingereza, anaweza kukipima kituo kwa maswali machache. Mwanangu amezungumza nini leo? Mnajua mwalimu wake wa sayansi anafundisha nini wiki hii? Anaruhusiwa kuuliza kwa Kiswahili? Nani anamrudisha nyumbani? Kituo chenye majibu kinastahili mtoto wake, fedha za serikali na jioni za watu wa kujitolea. Kisicho nayo kinahitaji kubadilika, kwa sababu muda wa mtoto wa miaka 15 ni mchache mno kutumika kujaza karatasi.